Picha ya Vita, Gari la Ajabu: Namna ya Kuchagua Jina kati ya Magari Matano ya Wahandisi wa Kijerumani

Una picha ya enzi za Vita Kuu ya Pili. Msalaba wa Kijerumani unaonekana ubavuni, minyororo ipo, deraya ipo, ila mzinga huuoni. Juu pamebebwa boriti, au daraja, au sanduku la chuma lililolala kwa mshazari, au mbao zilizoning'inia pembeni. Waulize watu watano wanaopenda mambo ya vifaru, utapewa majina matano, na kila mmoja atakutolea picha ya kuthibitisha la kwake.

Ubishi huo hautokani na ujinga. Jeshi la Ujerumani lilikuwa na mazoea ya kuchukua chesi (sehemu ya chini yenye magurudumu na minyororo) ya kifaru kilichopo na kukipa kazi nyingine, kwa hiyo gari moja laweza kuwa na miguu ya kifaru unachokijua na mgongo usiowahi kuuona. Hapa nalinganisha matano yanayochanganywa zaidi: Brückenleger IV (la kutandika daraja), Ladungsleger ya chesi ya Panzer I (la kuweka baruti; Panzer ni kifaru kwa Kijerumani), Borgward IV (la kubeba baruti kwa kuongozwa na redio), Sd.Kfz. 251/7 (la nusu-minyororo la wahandisi) na Bergepanther. Hilo la mwisho kwa haki lilikuwa la mafundi wa kuokoa vifaru vilivyokwama, wala si la wahandisi wa kujenga madaraja na kulipua vizuizi, lakini picha zake huangukia kwenye fungu hili kila siku.

Vigezo, kwa mpangilio wa kuaminika

Anza chini. Huo ndio ushauri wangu mkubwa, na watu wengi hufanya kinyume: macho hukimbilia kile kitu cha ajabu kilichoko juu. Kilichoko juu kinaweza kuwa kilifungwa jana na kitaondolewa kesho. Mafundi wa vikosi vya mbele walijitengenezea vifaa ambavyo kiwanda hakikuvijua. Magurudumu hayana tabia hiyo. Hesabu yale makubwa yanayokanyaga mnyororo, kisha vile vidogo vya juu vinavyoubeba mnyororo unaporudi mbele. Panzer I ya toleo la B ina makubwa matano na vidogo vinne. Panzer III ina sita na vitatu. Panzer IV ina manane madogo yaliyopangwa mawilimawili, na juu vinne. Panther na Tiger, vifaru vizito vya baadaye, zina magurudumu makubwa yaliyopishana, moja likifunika nusu ya jirani yake, na mnyororo hurudi ukiwa umelala juu ya magurudumu yenyewe.

Kigezo cha pili ni ukubwa. Mtu akiwa amesimama karibu, umepata rula. Asipokuwapo, tumia gurudumu: la Panzer IV lina kipenyo cha milimita 470, la Tiger 800, la Panther 860. Pima kwa rula ya kawaida kwenye picha, kisha linganisha na urefu wa gari zima. Pima kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa picha ikipigwa kwa mshazari gurudumu hubanwa upande kwa upande, lakini kimo chake hakipungui sana.

Cha tatu ni kile kilichobebwa. Hapo usijiulize kinafanana na nini. Jiulize kingefanya kazi vipi: kinasukumwa, kinainuliwa, kinadondoshwa, au kinavutwa? Boriti ya kunyanyulia injini na boriti ya kupeleka baruti ukutani hufanana sana mpaka utazame mahali zilipoegemea.

Cha nne ni dalili za wakati. Misalaba myeupe mitupu ni ya Poland, 1939. Hadi mwanzoni mwa 1943 magari mengi yalipakwa kijivu cheusi, na kwenye picha isiyo ya rangi hutoka meusi; kuanzia Februari 1943 rangi ya msingi ikawa manjano iliyofifia, na gari hutoka jeupe-jeupe, mara nyingi lenye mabaka. Ukiona ngozi ya gari ina matuta madogo ya mistari, kama shamba lililopigwa matuta ya viazi, hiyo ni Zimmerit, lahamu iliyopakwa ili mabomu ya sumaku yasinate. Ilipakwa viwandani kuanzia nusu ya pili ya 1943 hadi Septemba 1944, basi picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Maelezo yaliyoandikwa chini ya picha yanakuja mwisho kabisa. Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, ilipotoa makumi ya maelfu ya picha zake kwa umma mwaka 2008, iliacha maelezo ya asili kama yalivyo na kuonya wazi kwamba yanaweza kuwa na makosa au upendeleo. Yaliandikwa na wapiga picha wa propaganda waliokuwa na haraka, na wengi wao hawakuwa mafundi.

Brückenleger IV

Chini: chesi ya Panzer IV, magurudumu manane madogo, vigurudumu vinne juu. Ukihesabu sita, achana na jina hili papo hapo.

Juu: mnara wa mzinga haupo kabisa. Mgongo wote umefunikwa na daraja la chuma lenye urefu wa mita 9, njia mbili za kukanyagia na uwazi katikati. Yalitengenezwa magari 20 tu, na yana sura mbili. La kampuni ya Krupp lina fremu ya chuma mbele ambayo huinamisha daraja na kulishusha. La Magirus, kampuni ya Ulm iliyojulikana kwa ngazi za zimamoto, husukuma daraja mbele likiwa limelala. Fremu nzito puani mwa gari inaelekea kwa Krupp. Mgongo uliolala sawasawa unaelekea kwa Magirus.

Ukubwa: kubwa, na daraja hulifanya lionekane kubwa zaidi. Wafanyakazi wawili tu, kwa hiyo usitegemee kuona vichwa vingi.

Wakati: 1940, Ubelgiji na Ufaransa, kisha machache mwanzoni mwa vita dhidi ya Usovieti. Baadhi yalirudishwa kiwandani yakavishwa minara yakawa vifaru vya kawaida, ndiyo maana picha ya 1944 yenye jina hili inatia shaka.

Hapa pana ndugu wa kuchunga. Zilikuwapo Panzer IV chache mno zilizobeba ngazi mbili ndefu za kurefuka, sambamba, kwa ajili ya askari wa miguu kuvuka. Ukiona vidato vya ngazi badala ya njia za kukanyagia magari, unamtazama huyo ndugu, na picha yako ina thamani kuliko ulivyodhani.

Picha inayolifaa: gari zito lisilo na mnara, limepigwa ubavuni, jeshi bado limevaa kijivu.

Ladungsleger ya Panzer I

Chini: matano makubwa, vinne vidogo. Chesi ya toleo la B ndiyo ya kawaida.

Juu: mnara mdogo wenye bunduki mbili za rashasha bado upo, na hapo ndipo wengi hupotea, wakaandika "Panzer I" wakaenda zao. Tazama nyuma. Aina ya mwanzo ina kitu kama meza au mtelezo wa chuma juu ya injini, wa kushushia baruti ya kilo 50 hivi. Dereva alirudi kinyumenyume hadi kwenye kizuizi. Aina ya pili ina mkono mrefu wa kupeleka baruti nzito zaidi, ya kilo 75 hivi, ukiendeshwa kwa waya.

Ukubwa: kifaru hiki hakifiki tani 6, na mtu mrefu akisimama kando yake kichwa chake kinakaribia juu ya mnara. Kitu kikionekana kidogo kuliko ulivyotazamia kifaru kiwe, uko mahali pake.

Wakati: 1940 hasa, kwenye vikosi vya wahandisi vya divisheni za vifaru.

Picha inayolifaa: ya nyuma au ya robo tatu nyuma. Picha ya mbele haiwezi kukuthibitishia lolote, kwa sababu kwa mbele aina ya mwanzo ni Panzer I na basi.

Borgward IV

Hili nalikalia kidogo, kwa kuwa jina lake lilipokosewa kosa liliishia kuandikwa ukutani.

Chini: magurudumu matano kila upande, gari fupi na la chini sana, urefu wake mita 3 na nusu na ushei.

Juu: hakuna mnara. Mbele kuna sanduku kubwa lililolala kwa mshazari, linafuata mteremko wa pua ya gari. Ndani yake mna kilo 450 za baruti. Nyuma ya sanduku, upande mmoja, pana nafasi ya dereva iliyozungushiwa vibamba vya deraya vya kukunja. Dereva aliliendesha mpaka karibu na shabaha, akashuka, na kutoka hapo likaongozwa kwa redio: linafika, linadondosha sanduku, linarudi nyuma kabla ya mlipuko. Hivyo picha ya gari hili lisilo na sanduku ni ya kawaida kabisa, na pua inabaki tupu yenye mteremko.

Ukubwa: mtu mzima akisimama kando, gari zima haliufikii usawa wa mabega yake.

Wakati: 1942 hadi mwisho wa vita. Kursk 1943, Warsaw 1944.

Huko Warsaw, tarehe 13 Agosti 1944, wapiganaji wa Poland walioinuka mjini humo dhidi ya Wajerumani walilikamata gari moja la aina hii. Kwao lilikuwa kifaru kidogo kilichotelekezwa. Wakalipitisha mitaa ya mji mkongwe, watu wakatoka kushangilia, watoto wakalizunguka. Kwenye mtaa wa Kiliński sanduku lilichomoka mbele, na baruti ikalipuka. Walikufa zaidi ya watu 300. Kwa miongo kadhaa tukio hilo lilisimuliwa kama habari ya kifaru cha mtego, ilhali lililolipuka lilikuwa gari la kubeba baruti likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Si hilo tu. Kwenye ukuta wa kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, humohumo mjini, pamepachikwa kipande cha mnyororo chenye bamba la maandishi linalosema ni cha Goliath. Goliath ni kile kigari kidogo kilichoongozwa kwa waya, kirefu kiasi cha mita 1 na nusu, kimo chake cha magotini, hakina hata mahali pa kukaa mtu. Mnyororo ulioko ukutani ni mkubwa mno kwake. Ni wa Borgward IV. Ukikumbuka kigezo cha ukubwa peke yake huwezi kuvichanganya hivi viwili: chenye nafasi ya dereva ni Borgward, ambacho mtu angekalia juu kama benchi ni Goliath. Kati yao kuna Springer, la kampuni ya NSU, lililotoka mwishoni mwa vita kwa idadi ya magari 50 tu. Usilitaje mpaka umekosa kila njia nyingine.

Picha inayolifaa: ya mitaani, vifusi, gari fupi lisilo na silaha inayoonekana. Pia zile picha ambazo wanajeshi washindi wamesimama wakilishangaa.

Sd.Kfz. 251/7

Chini: hapa huhitaji kuhesabu. Mbele kuna matairi mawili ya kawaida, nyuma minyororo. Hakuna jingine kati ya haya matano lenye matairi.

Juu: sanduku la deraya lililo wazi juu, kuta zimeinama. Kila ubavu, juu ya ukuta, umebeba kipande cha daraja jepesi, kimelala sambamba na ardhi.

Ukubwa: urefu wa mita 6 kasoro. Ndugu yake Sd.Kfz. 250 ni mfupi kwa zaidi ya mita moja.

Wakati: miaka yote ya vita, kwa hiyo tumia mgongo wake. Mgongo uliobinuka katikati, wenye pande mbili zinazokutana, ni wa matoleo ya A hadi C. Mgongo ulionyooka kwa mteremko mmoja ni wa toleo la D, 1943 na kuendelea.

Kinachochanganya ni gari lilelile likiwa na fremu za maroketi, masanduku matatu kila ubavu. Picha ikiwa na ukungu, vyote viwili huonekana kama mbao zilizotundikwa. Tofauti iko kwenye mwelekeo: masanduku ya roketi huinua pua juu, kila moja peke yake na pengo katikati, daraja hulala moja kwa moja bila kukatika. Fremu tupu bila daraja nayo haitoshi, na wengi huandika 251/7 kwa sababu tu wameona vyuma ubavuni. Mimi ningeandika "Sd.Kfz. 251" na kuishia hapo.

Picha inayolifaa: msafara barabarani, kando ya mto, askari wakiwa ndani.

Bergepanther

Chini: magurudumu makubwa yaliyopishana, manane kwa hesabu ya ekseli. Bamba la mbele limelala sana kwa nyuma. Hilo la mwisho ndilo linaloitenga na Tiger, ambayo uso wake umesimama karibu wima.

Juu: mnara haupo. Katikati pana sanduku lililo wazi, sehemu yake ya juu ni ya mbao. Ndani mna winchi ya kuvuta tani 40, na nyuma kuna koleo pana la chuma linalochimbia ardhini gari lisiburutwe na mzigo linaouvuta. Kuna pia boriti nyepesi ya kreni ya kunyanyulia vipuri. Machache ya mwanzo, ya Juni 1943, hayakuwa na winchi, kwa hiyo kukosekana koleo hakulifuti jina. Kunasogeza tu tarehe mwanzoni.

Ukubwa: tani zaidi ya 40. Gurudumu peke yake humfika mtu zaidi ya nusu ya paja.

Wakati: katikati ya 1943 hadi mwisho.

Anayemchanganya zaidi ni gari la kubebea makombora ya mzinga mkubwa uitwao Karl, lililojengwa juu ya Panzer IV na kupewa kreni. Watu wakiona kreni bila mnara hupiga kelele "bredauni!" Hesabu magurudumu: manane madogo mawilimawili yanamwondoa Panther. Kisha angalia mandhari: Sevastopol 1942 au Warsaw 1944, kukiwa na kombora la sentimeta 60 karibu, huhitaji kubishana tena.

Picha inayolifaa: kifaru kingine kimekwama karibu, nyaya nene zinaonekana, mafundi wamevaa ovaroli.

Tiger ya Italia, kesi isiyoisha

Ipo picha moja maarufu ya 1944 kutoka Italia ambayo haiingii vizuri kwenye kundi lolote. Ni Tiger ya batalioni ya vifaru vizito namba 508. Mzinga umeondolewa, mnara umebaki, na juu ya mnara imefungwa boriti yenye waya na winchi ndogo. Waliolikuta walilichukulia kuwa gari la kuokolea vifaru, likaitwa Bergetiger, na jina likashika vitabuni na hata kwenye masanduku ya vifaa vya kuunganisha vifaru vya plastiki.

Lipitishe kwenye vigezo. Chini hakuna ubishi: uso wima, magurudumu yaliyopishana, ni Tiger. Kwenye swali la kazi ndipo jina linapoanza kuyumba. Tiger moja ina uzito wa tani 57 hivi, na kuivuta kwa kawaida kulihitaji matrekta hadi matatu ya Sd.Kfz. 9, makubwa kuliko yote ya nusu-minyororo waliyokuwa nayo Wajerumani. Winchi ile nyembamba juu ya mnara ingevuta nini? Koleo la nyuma halipo. Ndiyo maana watafiti wengi wa siku hizi huegemea kwamba lilikuwa gari la kupeleka baruti kwenye vizuizi, kazi ileile ya Ladungsleger lakini juu ya ngozi nene zaidi, kikiwa kifaa cha kujitengenezea cha kikosi. Wanaoshikilia maelezo ya zamani husema boriti ingeweza kunyanyua vipuri vizito, na hoja hiyo nayo ina miguu, kwani kreni ya Bergepanther ilifanya hivyohivyo. Mimi naegemea baruti, kwa sababu ya winchi.

Sasa picha yako

Kama unaona chini tu, na juu pamekatwa au pamefunikwa turubai: taja chesi na usiende mbali. "Gari la chesi ya Panzer IV" ni jibu kamili.

Kama unaona juu tu, gari likiwa nyuma ya ukuta au majani: pima dhidi ya watu. Chini ya mabega ya mtu, anza na Borgward. Karibu na kimo cha mtu na mnara mdogo upo, Ladungsleger. Zaidi ya hapo, gawanya kwa kazi: kilicholala mgongo mzima ni daraja, kilichosimama ni kreni.

Kama picha ni ya ukoo, imetoka kwenye albamu na nyuma yake pana mwandiko wa kalamu: amini mahali na mwaka kuliko jina la gari. Askari alijua alikuwa wapi. Gari la kikosi kingine lililopita mbele yake hakuwa na haja ya kulijua.

Kama umebaki na mawili kati ya Bergepanther na chesi ya Panther iliyovuliwa mnara tu, tafuta boriti, mbao na koleo. Ukipata kimoja kati ya vitatu, una sababu ya kutaja Bergepanther. Ukikosa vyote, andika "Panther isiyo na mnara".

Kama jina linaloelekea kushinda ni la gari lililotengenezwa chini ya 50, dai ushahidi mara mbili: magurudumu yakubali na kifaa cha juu kikubali. Kimoja peke yake hakitoshi, hata kama maelezo ya chini ya picha yanasema hivyo kwa kujiamini.

Na kama unaipeleka kwa wanaojua zaidi, piga skani ya picha nzima pamoja na kingo na upande wa nyuma, kabla ya kukata au kung'arisha chochote. Namba ndogo iliyoandikwa pembeni au kivuli cha gari la pili ukingoni ndicho watakachokuomba kwanza.